Kibuyu cha Mafuta kutoka Mnarani

Mashoga zangu, mmekuja mmoja mmoja na ukili wenu wa kushonea mikeka mikononi, kila mmoja ananiuliza, "Mwanahawa, ilikuwaje huko?" Nami nimekwisha kuchoka kumweleza huyu mwanzo na yule mwisho. Nimekaa nikaandika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mwenye kucheka acheke, ila asinitazame usoni.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, mlimwona wenyewe. Miguu ilimvimba tangu masika, ikavimba mpaka magotini, na chakula akawa anakidonoa tu. Mnajua pia kwamba baba alikufa maji nikiwa mtoto wa kubebwa, chombo chao kilipopasuka mwambani mbele ya Mnarani, kule juu kabla ya kufika Saadani. Msilolijua ni hili: baharia mmoja aliyeokoka alikuja kumwambia mama, "Mnara ulikuwa giza. Hatukuona taa mnarani." Tangu siku hiyo mama hakuwasamehe watu wa mnara. Mtu akipataja mahali pale, mama alikuwa akiondoka barazani.

Basi katika ugonjwa wake akaniita. "Mwanahawa, nenda kaulize. Kama mafuta yaliwaishia, au upepo uliizima, hiyo ni kazi ya Mungu, nitasamehe. Kama walilala tu, siwasamehe, tutakutana huko mbele ya haki."

"Na ukiondoka duniani nami niko njiani?"

"Basi usikawie," akasema, akageukia ukutani.

Ndivyo alivyo mama. Nilimwachia jirani yetu Bi Zuhura amtazame, nikafunga mikate ya mofa katika kikapu, nikachukua ukili wangu wa kusuka njiani, maana mikono yangu ikikaa bure moyo unanienda mbio. Mwenzangu wa safari alikuwa Shomari, mtoto wa mjomba. Wanaume wengine wote wa ukoo walikuwa na kazi. Shomari hakuwa nayo, na hajapata kuwa nayo.

Dunda mpaka Kingani

Tulitoka kwetu Dunda, hapa Bagamoyo, alfajiri, na kabla jua halijapanda tulikuwa tumekwama. Kivukoni kwenye mto Kingani mitumbwi yote ilikuwa imechukuliwa na msafara kutoka bara. Wapagazi wanashuka na pembe zao mabegani, wanaimba, wanapiga bunduki hewani kwa furaha ya kuiona pwani, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kuna mtu anataka kwenda upande wa pili. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilisuka ukili mpaka ukafika matopeni.

"Kawia ufike, binamu," Shomari akasema.

"Wewe unataka tukawie kwa sababu umemwona muuza mihogo ya kuchoma."

"Sikatai. Lakini neno lenyewe ni la kweli."

Akala mihogo yake, akazungumza na wapagazi, akaambiwa habari za nchi ambazo hatutafika maishani. Mimi nilikuwa namwona mama tu, amegeukia ukutani. Jua lilikuwa la utosini tulipovuka, na mwenye mtumbwi akatutukana kwa kuwa tulikuwa wawili tu wa kurudi nao. Nikamjibu. Alichonijibu naye sitakiandika.

Mto Wami

Njia ya ufuoni ilikuwa imefunikwa na maji, ikabidi tupandie ndani kidogo, tulale kwa watu, kisha tuufikie Wami mahali penye mvushaji mmoja. Mvushaji hakuwapo. Amekwenda harusini, tukaambiwa. Lini atarudi? Pombe ikiisha. Jamani! Nilitamani kuogelea, lakini viboko walikuwa wametoa masikio majini wananitazama.

Alikuja siku ya pili yake, mtu mnene mwenye macho mekundu, jina lake Mhando. Hakutusalimu kwanza, akauliza, "Ninyi kabila gani?"

Shomari, mpumbavu yule, akajibu kwa furaha, "Babu yetu Mzaramo."

"Wazaramo! Watani wangu!" Mhando akapiga kofi. "Mimi Mzigua. Lete hicho kikapu."

Na akakichukua. Mikate yangu yote ya mofa, niliyoioka usiku wa kuamkia safari nikilia machozi ya moshi. Akakaa ukingoni, akaanza kuila mmoja baada ya mwingine, huku akisema Wazaramo hawajui kuoka, na kwamba anakula kwa kutuhurumia tu. Shomari alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi pia najua utani ni nini. Najua mtani akichukua, kimechukuliwa, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Lakini nilikasirika, wallahi, nikakasirika mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Mama yangu mgonjwa," nikamwambia.

"Pole. Akifa nitakuja kuzuia jeneza lisitoke mpaka mnilipe," akasema, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya mtani, wala hakuwa na ubaya. Nikageuza uso. Alituvusha vizuri, lazima niseme kweli, akiwapitia mbali viboko, na upande wa pili akatuambia njia bila kudanganya.

Mkange

Tukafika Mkange na njaa, kwa hisani ya Mhando. Tulipiga hodi kwa mkulima mmoja, na mkewe, Mama Mwajuma, akatupokea kana kwamba alikuwa akitungoja tangu juzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za njiani, za mvua, za Bagamoyo, za mama, na kila nilipodhani zimekwisha alikuwa na nyingine.

Nilisema tunapumzika kidogo tu, tuondoke. Akacheka. Nikamwona jogoo wetu wa kuliwa bado anakimbia shambani.

"Mama, usijisumbue. Hata muhogo unatosha."

"Mgeni hatoki kwangu na muhogo. Watasemaje watu?"

Basi jogoo akafukuzwa, akakamatwa, akachinjwa, akanyonyolewa, na mtama ukaanza kutwangwa, naapa, ndiyo kwanza unatwangwa. Nikashika mchi nimsaidie ili mambo yaende haraka. Akaninyang'anya. Mgeni hatwangi siku ya kwanza. Nilikaa chini nikasuka ukili kwa hasira mpaka ukatoka mwembamba kama utambi. Chakula kilipokuja, ugali wa mtama, kuku wa nazi na mlenda, kilikuwa kitamu mno hata nikasahau kununa. Lakini jua lilikuwa limekwisha kwenda, tukalala pale pale.

Wakati wa kula Mama Mwajuma aliniuliza ninakokwenda. Nilipotaja Mnarani akaacha kutafuna.

"Uwe na adabu ya maneno huko," akasema. "Mwaka huu alipita Mdachi mmoja na karatasi na bendera, akawa anauliza mnara wa nani, ardhi ya nani, minazi ya nani. Tangu hapo mtu akiuliza, wanamwona mwizi."

Mnarani

Nilikuwa nimejijengea picha ya mahali hapo tangu utotoni. Mnara mrefu, bahari inapiga miguuni pake. Tulipopanda kilima cha mwisho cha mchanga, Shomari akasimama akaangua kicheko.

"Binamu, wamejenga taa ya bahari kando ya ziwa!"

Na kweli. Chini yetu kulikuwa na ziwa limetulia, korongo wanatembea pembeni, na mnara wa mawe ya matumbawe umesimama ukingoni, umeota nyasi mabegani. Bahari yenyewe ilisikika nyuma ya ukingo mrefu wa mchanga, haionekani. Nilifikiri tumepotea.

Barazani pa msikiti walikuwa wamekaa wazee wa kiume. Tukasalimu, tukaitikiwa, tukapewa maji. Kisha mimi, pamoja na onyo lote la Mama Mwajuma, nikafungua kinywa nikasema, "Tumekuja kuuliza habari za mnara."

Maji yakawa machungu pale pale. Mmoja, mwenye ndevu zilizotiwa hina, akasema, "Minazi ile ni ya wakf. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi."

"Sikuuliza minazi, baba."

"Wote huanza na mnara. Huishia kwenye minazi."

"Mimi nataka kujua habari za taa."

"Taa huwashwa kwa mafuta. Mafuta hutoka wapi? Kwenye minazi. Umeona?"

Nikamwambia hapana. Akasema ndiyo. Tukaenda hivyo mpaka adhuhuri, wakasali, wakarudi, tukaanza upya. Wakataka kujua kama Shomari ni karani. Shomari, ambaye hajui alifu wala be, akafurahi, akatengeneza kofia yake, na kuzidisha shaka. Mwisho nikashindwa. Nikasimama katikati ya watu wazima, nikapaza sauti na machozi yananitoka, "Baba yangu alikufa hapa! Chombo chake kilipasuka mwambani kwenu, na mama yangu anakufa sasa, anataka kujua jambo moja tu! Minazi yenu kaeni nayo!"

Yule wa ndevu akatazama chini. "Chombo cha mtama na sandarusi?" akauliza polepole.

"Ndicho."

Aliinuka, akaenda mwenyewe upande wa pili wa ziwa, akipita juu ya ukingo wa mchanga, mpaka kwenye nyumba moja ya udongo yenye dirisha linalotazama baharini. Aliporudi alikuwa nyuma ya bibi kizee aliyebeba chungu kidogo cha mafuta kichwani.

Juu ya mnara

Bi Kidawa alikuwa mke wa mlinzi wa taa, na sasa ndiye mlinzi. Nilimshika mkono kumwamkia, akaushikilia hakuuachia. Hakuniuliza habari. "Njoo unisaidie kupanda," akasema. "Wakati wa kuwasha unakaribia. Tutasema juu."

Ngazi ni ya ndani, nyembamba, na tulipumzika mara nyingi. Kila tulipopumzika alinieleza kidogo. Mnara ulijengwa na watu wa zamani, wale waliojenga na misikiti ya matumbawe. Mtu mmoja tajiri wa zama hizo, aliyenusurika kuzama, aliweka wakf shamba la minazi ili mafuta yake yawashe taa kila siku, mpaka mwisho wa dunia. Ziwa hili zamani lilikuwa hori, bahari inaingia na kutoka, na vyombo vilikuja kulala humo. Waingiao waliielekea taa moja kwa moja, kwani mbele ya mnara hapakuwa na mwamba. Kisha mchanga ukajaa mwaka kwa mwaka, mlango ukafunga, maji yakabaki ndani.

"Sasa unamwashia nani, bibi?" nikauliza.

"Wakf haiulizi nani."

Juu kulikuwa na shubaka lenye vijungu vya udongo na tambi za pamba, kuta zake nyeusi kwa moshi. Akamimina mafuta, akawasha. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya maji.

"Ile nyumba yangu. Unaiona? Na baharini mbele yake, pale maji yanapovunjika?"

Niliona povu jeupe kwenye mwamba. Nikaketi.

"Sasa nitakuambia, na usinikatize," akasema. "Mume wangu alikufa. Mimi nikakaa eda. Mlango wa hori ulikuwa bado wazi, na shemeji yangu ndiye aliyekuwa akivuka kwa mtumbwi kuja kuwasha. Siku hiyo alikwenda Saadani, na upepo ukamzuia huko. Wanaume wengine walikuwa shambani mbali, kila mmoja alidhani shemeji yupo. Jioni ikaja nikachungulia dirisha la nyuma, nikaona mnara giza. Tangu nilipoolewa sikuwahi kuuona giza."

"Hukutuma mtu?"

"Wanawake tu, na mtumbwi hawaujui. Mimi nilikuwa naujua. Lakini mwenye eda hatoki. Nilifundishwa hivyo, na mama yangu alifundishwa hivyo. Nilihangaika humo ndani kama kuku mwenye kutaka kutaga. Nikasema, taa ni taa, heri iwake mahali popote kuliko isiwake kabisa. Nikakusanya vijungu vyote vya nyumbani, nikavipanga kwenye dirisha la baharini, nikaviwasha. Iliwaka vizuri, mwanangu. Iliwaka vizuri sana."

Sikuwa na haja ya kuambiwa yaliyobaki. Waliona taa ya dirishani, wakadhani ni ya mnara, wakaielekea, na mwamba ulikuwa mbele yake.

"Baadaye mwalimu wa dini akaniambia, kwa dharura ya roho za watu ningeweza kutoka," akasema. "Hakuna aliyekuwa amenifundisha hilo kabla. Nilipomaliza eda nikaomba kazi hii, na sijaiacha. Mama yako ananiapiza?"

Ningependa kuwaambia nilidanganya. "Hakujui kwa jina," nikasema, "lakini anakuapiza."

Akatikisa kichwa, akaniomba radhi. Nikalia. Nikamwambia radhi si yangu kuitoa, ni ya mama. Tuliposhuka akanipeleka kwake, akanipa kibuyu kidogo. "Haya si mafuta ya wakf. Ni ya mnazi wangu mwenyewe, nimeyakamua kwa mikono yangu. Mpelekee mama yako. Akiyapokea, nitumie neno. Akiyamwaga, nitumie neno vile vile. Nimechoka kutojua."

Kurudi

Kurudi sikusuka ukili. Mikono ilikuwa imekumbatia kibuyu. Mama Mwajuma tulimpitia mbio, alisimama mlangoni anaita, "Hata maji hamnywi?" na najua amenisengenya, na ana haki. Shomari akawa anahema nyuma yangu, akisema kawia ufike, mpaka pumzi ikamwisha akaacha.

Wami tukamkuta Mhando, safari hii hajaenda harusini. Akatuona kwa mbali akafurahi. "Watani wangu! Mmeniletea nini?" Na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kibuyu.

Nilipiga ukelele hata viboko wakazama. Nililala juu ya kibuyu kile matopeni kama mama juu ya mtoto, nikalia kwa sauti, mbele ya mtani, jambo ambalo halifanywi. Mhando akarudi nyuma. Shomari, kwa mara ya kwanza katika safari nzima, hakucheka. Akamweleza: mwamba, eda, taa, mama.

Mhando akashika kafi. Alituvusha bila utani, na tulipofika ng'ambo akaingiza mkono chini ya ubao wa mtumbwi, akatoa kambare wawili waliokaushwa kwa moshi. "Mpe mgonjwa," akasema. "Na mwambie jeneza sitalizuia." Kwa mtani, hiyo ni heshima kubwa.

Kingani hatukungoja. Sikumbuki hata kama nilimsalimu mwenye mtumbwi.

Nyumbani

Bi Zuhura alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Nilimtazama usoni kabla ya kumtazama mikononi, nikaona hana msiba. Nikaingia.

Mama alikuwa amekonda, miguu ile ile. "Umekawia," akasema.

Nikamweleza yote, mpaka dirisha, mpaka vijungu. Hakunikatiza.

"Mnara ulikuwa giza, basi."

"Ndiyo, mama."

"Na taa iliwaka."

"Ndiyo, mama."

"Eda yake ilikuwa imebaki siku ngapi?"

"Sikuuliza."

"Umekwenda njia yote hiyo hukuuliza la maana!" Akanitazama kwa hasira, na nikafurahi kuiona hasira yake, kwa sababu ilikuwa na nguvu ndani yake. Kisha akatazama dirisha letu, lile la uani. "Mimi nilipokaa eda ya baba yako," akasema, "mwizi aliingia uani mchana kweupe. Akawakamata kuku wangu mmoja mmoja, anawafunga miguu bila haraka, mimi nimesimama hapo dirishani namtazama. Wanaume wote walikuwa sokoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kizingiti hiki sikukivuka."

"Mbona hujapata kunisimulia?"

"Nikusimulie nini? Kwamba nilishindwa na mwizi wa kuku?" Machozi yakamshuka, mama yangu ambaye sijawahi kumwona akilia. "Ningekuwa na taa ya kuwasha, ningeiwasha papo hapo dirishani. Mungu ananiona. Papo hapo."

Nilimpa kibuyu. Akakizibua, akanusa.

"Mafuta mazuri," akasema. "Yamekamuliwa na mtu mwenye subira." Akasogeza shuka, akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Nipake."

Nikampaka, kuanzia magotini mpaka vidoleni, naye akafumba macho. Nilidhani amelala. Shomari alikuwa amekwisha kujinyoosha barazani, na nilimsikia akikoroma.

"Mwamshe huyo," mama akasema, macho bado yamefumba. "Arudi Mnarani. Amwambie bibi yule mafuta yamefika. Na habari ya kuku amwambie pia. Ataelewa."